Vigato vya vijiti: kila mtoto na chake

 

Mwaka uliopita, kwenye sikukuu ya kuzaliwa ya mtoto wa mmoja wetu, gato iliisha kwa mtoto wa 26. Watoto waliokuja walikuwa 38. Ilikuwa gato nzuri kabisa, ya orofa mbili, yenye krimu ya rangi ya waridi na jina la mtoto juu yake. Tuliiagiza kwa pesa ya likelemba ya mwezi mzima. Mama mwenye nyumba alianza kukata vipande vinene kama mtu asiye na shida, alipofika katikati akaanza kukata vyembamba, na mwishoni alikuwa anakwangua sahani. Watoto 12 waliobaki kwenye mstari walipewa biskuti. Mmoja wao, msichana wa miaka kama saba hivi, alipewa kisu alambe krimu. Alilamba, akasema asante, akaenda kukaa peke yake kwenye ngazi.

Hatukumpa kisu kwa ubaya. Tulikuwa tumechanganyikiwa, muziki unalia, watoto wanasukumana, soda inamwagika. Lakini jioni, tulipokuwa tunaosha vyombo, hakuna aliyekuwa na hamu ya kuzungumza. Mwishowe mama mweka hazina wetu akatupa sponji kwenye beseni akasema: "Mwaka ujao mimi sishiki kisu. Tafuteni gato isiyokatwa."

Ndiyo sababu juma hili tunaandika juu ya vigato vya vijiti.

Wengine wenu mmekwisha kuviona kwenye simu za watoto wenu. Ni mipira midogo ya gato, ukubwa wa mpira wa pingpong, iliyochomekwa kwenye kijiti kama susete na kuvishwa chokola au sukari, halafu ikapambwa. Huko Marekani wanaviita cake pops. Aliyevifanya vijulikane sana ni mama mmoja wa Georgia, Angie Dudley, aliyeanza kuvionyesha watu mwaka 2008, na kitabu chake kikatoka mwaka 2010. Sisi tulionyeshwa na mpwa wa mmoja wetu aliye sekondari, na mara ya kwanza tulicheka. Gato nzuri unaivunja-vunja kwa mikono ili uifinyange tena? Hiyo ni kazi ya mtu aliyeshiba.

Lakini fikirini vizuri. Kigato cha kijiti kinahesabika. Ukitengeneza 45, una 45. Hakuna kipande chenye ua na kipande kisicho na ua, hakuna pembe wala katikati, hakuna mama anayekatia mtoto wake kipande kinene huku anaangalia pembeni. Sisi tulio walimu tunajua vita ya watoto inatoka wapi: mara nyingi haitoki kwenye njaa, inatoka kwenye kulinganisha. Mtoto wa darasa la pili anapima kipande cha mwenzake kwa macho kuliko fundi anavyopima ubao.

Kuna jambo la pili, na hilo ni la mama anayehesabu franga. Gato ya kijiti haina haja ya kuwa nzuri kabla. Imepasuka juu? Vunja. Imekauka kidogo kwa sababu makala yalikuwa makali? Vunja. Imeshika chini ya sufuria? Kwangua palipoungua, utupe, yaliyobaki vunja. Wale wanaokataa kuoka kwa sababu hawana furu ya umeme, au wana furu lakini umeme unakuja saa wanapolala, hapa hawana kisingizio.

Kabla ya unga, tulianza na orodha. Tulipita nyumba kwa nyumba katika avenyu yetu na kuandika majina ya watoto wote, wale tunaoalikana nao na wale tusioalikana nao. Tuwe wakweli: hapa kwetu Bukavu, na tunafikiri kwenu vilevile, mwaliko wa sikukuu ya mtoto unatembea kama deni. Wewe ulimwalika wangu mwezi wa tatu, mimi namwalika wako mwezi wa saba. Mtoto ambaye nyumbani kwao hawafanyi sikukuu, haalikwi. Anasikia muziki nyuma ya ukuta. Akija mwenyewe, anaitwa msumbufu. Msichana wa kisu alikuwa amekuja hivyo, bila kualikwa.

Mpwa wetu ndiye aliyeshika daftari. Akaongeza safu ya pili: tarehe ya kuzaliwa. Mpango ulikuwa huu: badala ya kila nyumba kujiua kwa sikukuu yake, tungekuwa na sikukuu moja kwa mwezi, ya watoto wote waliozaliwa mwezi huo. Sufuria moja, muziki mmoja, gharama tunagawana. Tulipata majina 39. Mbele ya majina 38 paliandikwa tarehe, au angalau mwezi. Mbele ya jina moja palibaki patupu. Tutarudi hapo.

Sasa twende jikoni. Vipimo tunavyowapa ni vya mipira 45 hivi. Bei hatuandiki, maana gazeti likiwafikia bei zitakuwa zimeshabadilika pamoja na dola.

Kwa gato yenyewe: unga wa ngano gramu 500, sukari gramu 300, siagi ya kopo gramu 250, mayai 6, maziwa kikombe kimoja kisichojaa sana, na hamira ya gato ile ya unga, vijiko viwili na nusu vya chai. Msitumie hamira ya mikate. Chumvi kidogo, na maganda ya limao yaliyokwaruzwa kama mnapenda. Pigeni siagi na sukari mpaka ziwe nyeupe, tieni mayai moja moja, halafu unga uliochanganywa na hamira, kidogo kidogo pamoja na maziwa.

Kwa wasio na furu: chukueni sufuria kubwa nzito, tieni mchanga safi uliochujwa na kukaushwa, kina cha vidole viwili. Funikeni, iwekeni kwenye mbabula ipate moto robo saa. Halafu pakeni sufuria ndogo siagi na unga, mimineni nusu ya mchanganyiko, iwekeni juu ya mchanga ndani ya ile kubwa. Funikeni kwa kifuniko cha bati, na juu ya kifuniko wekeni makala machache yenye moto. Chini moto mdogo, juu moto mdogo. Dakika 40 hadi 50. Chomeni kijiti katikati, kikitoka kikavu imeiva. Halafu okeni nusu ya pili. Jambo dogo ambalo hakuna anayewaambia: harufu ya sufuria inaingia kwenye gato. Sufuria yetu ya kwanza ilikuwa imepikiwa sambaza siku moja kabla, na pamoja na kuoshwa vizuri, gato ilikumbuka ziwa. Sugueni kwa majivu na limao, na kifuniko pia.

Okeni Ijumaa jioni, muiache ilale. Gato ya moto ukiivunja inakuwa uji. Iliyolala usiku mmoja inavunjika kama mchanga, na ndivyo tunavyotaka. Jumamosi asubuhi, nawa mikono mpaka kwenye viwiko, ondoa maganda magumu, sugua vipande viwili viwili juu ya beseni mpaka hakuna bonge.

Hapa ndipo wengi wanaharibu, na sisi tuliharibu wa kwanza. Makombo yanahitaji kitu cha kuyashikisha. Wengine wanatumia krimu ya siagi na sukari ya unga, wengine maziwa mazito ya kopo, wengine konfitiri. Sisi tulipenda konfitiri ya fraizi, kwa kuwa fraizi zinalimwa hapa Kivu na mama mmoja katika kikundi anaipika mwenyewe. Anzeni na vijiko vinne vya mezani tu kwa beseni lote. Changanyeni kwa vidole. Finyeni kidogo kwenye kiganja: ikishikana bila kung'aa na bila kuacha mafuta mkononi, imetosha. Ikivunjika, ongezeni kijiko kimoja, si zaidi.

Sisi mara ya kwanza tulitia siagi yote iliyokuwa kwenye kopo, tukijisemea kwamba utamu haujawahi kuua mtu. Mipira ilikuwa laini, mizuri, inanukia. Tulipoichomeka vijiti na kuisimamisha, ilianza kushuka polepole, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaosinzia kanisani. Kumi na moja ilifika chini. Tuliikusanya, tukaichanganya na makombo makavu ya gato ya pili, tukaanza upya. Bahati yetu tulikuwa tumebakiza makombo. Nanyi bakizeni.

Finyangeni mipira yenye uzito mmoja. Kama hamna mzani, tumieni kijiko kimoja cha mezani kilichojaa, na mtu mmoja tu apime kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa sababu kijiko cha mama huyu si kijiko cha mama yule. Hapo mweka hazina wetu alipata kazi inayomfaa. Alipima mipira 46 bila kusema neno, na wawili wetu tulipojaribu kumsaidia alitufukuza.

Pangeni mipira kwenye sinia, ipoe saa mbili au zaidi. Penye friji na umeme, vizuri. Sisi hatukuwa na umeme siku hiyo. Tuliweka sinia juu ya beseni la maji baridi ya asubuhi, tukafunika kwa kitambaa safi, tukaiweka chumba cha nyuma kisichopata jua. Bukavu iko juu, kama meta 1,500, na hewa ya ziwa inasaidia. Ninyi wa Uvira na Kalemie, mna joto, fanyeni sehemu hii usiku.

Vijiti. Vile vyeupe vya karatasi ngumu hatukuvipata sokoni. Tulinunua vijiti vya mianzi vya kuchomea mishikaki, tukavikata urefu wa sentimeta 15, tukaondoa ncha kali zote na kuzisugua kwenye saruji, halafu tukavichemsha na kuvikausha juani. Hilo la ncha msilipuuze hata kidogo. Mtoto anakimbia na kijiti mdomoni. Tuliweka sheria: anayekula anakaa chini, anayemaliza anarudisha kijiti kwenye kopo. Na watoto wa chini ya miaka mitatu walipewa vyao bila kijiti, vimevunjwa kwenye sahani na mama zao. Vijiti vya ufagio, hapana, hata kama ni vipya.

Chokola sasa. Inauma kidogo kusema hivi: kakao inalimwa hapa nchini kwetu, huko Beni na Mutwanga, na huko kuna hata kiwanda cha chokola, lakini ile ya bei ndogo tunayoikuta dukani mara nyingi imepita mipaka kadhaa. Kwa mipira 45 mnahitaji gramu 500 hivi, na kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kupikia kwa kila gramu 100, ili iwe nyepesi na ishike vizuri.

Iyeyusheni ndani ya bakuli lililowekwa juu ya sufuria ya maji ya moto, maji yasiguse bakuli, na msiyaache yachemke. Epeni moto, koroga taratibu. Adui mkubwa wa chokola ni maji. Tone moja tu la mvuke kutoka kwenye kifuniko linatosha, chokola inakuwa ngumu, ya chembe chembe, kama matope yaliyokauka. Ilitupata pia. Mmoja wetu alikoroga kwa kijiko kilichotoka kuoshwa. Tulisimama tunaangalia gramu 200 za pesa ya watu. Ikiwapata, msitupe: ongezeni maziwa ya moto kidogo kidogo, itakuwa mchuzi mzito, haifai tena kuvisha lakini inafaa kushikisha makombo. Ndivyo tulivyofanya, na mipira ile ya ndani nyeusi ndiyo iliyosifiwa kuliko yote. Hatukuwaambia ilikotoka.

Chovyeni kwanza ncha ya kijiti kwenye chokola, sentimeta moja na nusu, ndipo mkichomeke kwenye mpira mpaka nusu yake, si zaidi. Acheni ishike dakika kumi. Hiyo ndiyo gundi. Aliyeruka hatua hii ataona mpira wake ukizama kwenye bakuli la chokola na kijiti kikabaki mkononi. Halafu chovyeni mpira wote mara moja, moja kwa moja chini, moja kwa moja juu, bila kukoroga. Gongeni mkono wenu taratibu kwenye ukingo wa bakuli, huku mkizungusha kijiti, chokola iliyozidi idondoke.

Chokola ikipasuka baada ya kukauka, maana yake mpira ulikuwa baridi mno na chokola moto mno. Acheni mipira ipumzike kidogo nje ya friji, na chokola ipoe mpaka tone lake juu ya mdomo lisiwachome.

Wasio na pesa ya chokola, msikate tamaa. Sukari ya unga vikombe viwili na maji ya limao vijiko vitatu, ikorogwe mpaka iwe nzito kama gundi ya shule. Haishiki haraka, inataka saa nne au tano, na haing'ai sana, lakini watoto hawakulalamika. Sukari ya unga ikikosekana, twangeni sukari ya kawaida kwenye kinu kikavu, muichekeche kwa kitambaa. Mikono itauma. Msitie ute wa yai mbichi kama wanavyofanya wengine: katika sikukuu ya watoto 40, tumbo moja likiharibika mnajua maneno yatakayosemwa.

Na mtavisimamisha wapi vikauke? Kwenye picha za simu wanatumia maboksi maalumu. Sisi tulikata vipande viwili vya mgomba, urefu wa mkono, tukavilaza na kuvikata upande mmoja visibingirike. Mgomba unashika kijiti vizuri kabisa. Lakini una utomvu unaotia madoa, basi tuliufunga kwanza kwa plastiki safi, halafu kwa karatasi ya zawadi. Vipande viwili vya mgomba, vijiti 46, vimesimama mezani kama shamba. Mgeni mmoja aliuliza tulinunua wapi. Ndoo iliyojaa maharage makavu inafanya kazi pia, na maharage yanapikwa Jumatatu.

Mapambo yanataka haraka. Mnao muda wa nusu dakika kabla chokola haijashika, kwa hiyo mtu mmoja achovye, mwingine apambe. Tulikuwa na nazi iliyokunwa na kukaushwa, biskuti zilizopondwa, na chembe za sukari za rangi kutoka duka la Nyawera. Karanga zilizosagwa tuliziweka kwenye mipira michache tu, upande wake, na karatasi iliyoandikwa KARANGA, kwa sababu kuna watoto ambao karanga zinawafumua mwili. Ulizeni wazazi kabla, si baada. Rangi za maji msizitie ndani ya chokola, mnakumbuka habari ya tone.

Watoto wakubwa wa avenyu waliomba kupamba pia. Tulisita, kisha tukawapa mipira kumi. Walifanya sura za ngagi: mpira wa chokola nyeusi, macho mawili ya sukari nyeupe iliyowekwa kwa ncha ya kijiti, pua ya kipande cha biskuti. Kahuzi-Biega iko karibu na mji wetu, na wengi wao hawajawahi kuifika. Ngagi mmoja alikuwa na jicho moja, mwingine alionekana kama mwalimu mkuu wa shule fulani ambayo hatutaitaja. Hao ndio walioisha kwanza.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, baada ya kutoka kanisani na watu kupumzika. Tuliwakalisha watoto kwenye mikeka, tukasoma majina kutoka kwenye daftari, mmoja mmoja, kama darasani. Anayesikia jina lake anakuja, anachagua mwenyewe, anarudi kukaa. Kwenye ISP tulifundishwa kwamba mtoto anayeitwa kwa jina lake anatulia. Kwa kweli hakuna aliyesukuma. Majina yalikuwa 39, na watano walikuja bila kuwa kwenye orodha, tukawauliza majina na kuwaandika hapo hapo. Jumla 44. Mipira ilikuwa 46.

Msichana wa kisu aliitwa jina lake akachelewa kusimama. Jirani yake alimsukuma begani: "Ni wewe." Alizunguka meza mara mbili, akachagua cha nazi. Hakukila. Alikaa nacho mkononi mpaka wengine wote walipomaliza, ndipo akaanza kukila kwa kukizungusha, safu moja baada ya nyingine, kama mtu anayemenya chungwa.

Tulipoimbia watoto wa mwezi ule, wanne walisimama mbele. Yeye akaja pembeni, akavuta kitenge cha mmoja wetu. "Mwalimu, mimi yangu ni lini?"

Yeye ndiye jina lenye nafasi tupu katika daftari. Anaishi na nyanya yake, ambaye avenyu nzima inamwita Koko. Walifika mjini wakitoka milimani wakati wa vita, na karatasi zote, pamoja na karti ya chanjo, zilibaki kule. Hakuwahi kuandikishwa. Tunasema hapa kwa kupita, kwa mama wenye vichanga: kuandika kuzaliwa kwa mtoto kwenye ofisi ya etasivili ni bure ndani ya siku 90. Zikipita, ni lazima kutafuta hukumu kwenye mahakama ya watoto, na hapo safari zinakuwa nyingi.

Jioni tulimpelekea Koko kigato kimoja. Alikigeuza, akauliza kama kijiti nacho kinaliwa. Mmoja wetu, kwa haraka ya kutaka kusaidia, akamwambia: "Koko, tumchagulie tu siku nzuri, tuandike, tumalize. Hata leo."

Koko aliweka kigato kwenye sahani.

"Mwanangu, siku ya mtu haichaguliwi kama kitambaa sokoni. Mtoto huyu ana siku yake. Mimi nilikuwepo."

Tulinyamaza. Akaendelea, taratibu, anahesabu kwa vidole. Ilikuwa mavuno ya kwanza ya maharage. Walikuwa wamekwisha kuyang'oa, walikuwa wanayapura uani. Noeli ilikuwa imepita, kwa sababu mbuzi wa Noeli aliliwa mama ya mtoto akiwa bado na tumbo. Mwaka mpya hakumbuki kama ulikuwa umefika. Mvua ilinyesha mchana, wakaingiza maharage ndani, na mtoto akazaliwa juu ya mkeka uliokuwa karibu na magunia. "Alikuwa na maganda ya maharage kwenye nywele," alisema, na kwa mara ya kwanza tulimsikia akicheka.

Mpwa wetu akafungua daftari aandike Januari. Koko akamshika mkono. "Andika kwa krayo kwanza. Mama yake mdogo yuko Uvira, nitampigia simu. Yeye alikuwa anashika taa."

Kigato cha mwisho, cha 46, alikula mweka hazina akiwa amesimama mlangoni.

Basi kwa Januari tuna watoto sita, na wa saba kwa krayo. Tunahitaji unga kilo moja, mayai 12, siagi makopo mawili, na mama yeyote mwenye bakuli zito la kuyeyushia chokola aje nalo Ijumaa, tukutane uani kwa mweka hazina. Vijiti tunavyo, vilirudishwa 41 kati ya 44, lakini hivyo tumechoma, tutanunua vipya. Na nazi iongezwe. Mtoto wa krayo amekwisha kuagiza: chake kisiwe cha chokola, kiwe cheupe.